Fuko na Panya Wanapochanganya Damu



Kila mkulima anaijua kazi ya fuko. Unapanda viazi vitamu, vinatambaa vizuri, majani yanapendeza. Siku ya kuchimba unakuta shimo ndani ya tuta, na kiazi kimebaki ganda tu. Panya naye ni vivyo hivyo. Leo unafukia mbegu za mahindi, kesho asubuhi unakuta vijishimo mstari mzima, na mbegu hakuna.

Wanyama hawa wachimbao mashimo tunawajua kwa hasara wanayotutia. Lakini leo hatutazungumza habari za mitego wala sumu. Tutazungumza habari za uzazi wao. Swali letu ni hili: Je, wanyama wa aina mbili wakikutana porini, bila mtu kuwalazimisha, wanaweza kuzaa pamoja? Na kama wanazaa, mwisho wake ni nini? Aina zile mbili zitachanganyika mpaka ziwe aina moja?

Labda mmoja wetu atasema, "Haya yananihusu nini mimi mkulima?" Yanatuhusu sana. Kuna ugonjwa mbaya wa Afrika Magharibi unaoenezwa na panya. Panya wa aina hiyo tunao hapa kwetu, mashambani na majumbani. Lakini panya wetu hawauenezi ugonjwa huo. Kwa nini? Tufuatane pole pole, tutafika.

CHOTARA TUNAOWAJUA

Neno chotara si geni kwetu. Tunapanda mahindi chotara. Tunafuga ng'ombe chotara. Ukichukua ng'ombe jike wa kienyeji na kumpandisha kwa dume wa kisasa wa maziwa, utapata ndama chotara. Ndama huyo akikua atazaa bila matatizo. Wajukuu na vitukuu watapatikana. Hii ni kwa sababu ng'ombe wa kienyeji na ng'ombe wa kisasa ni watu wa karibu. Wote ni ng'ombe.

Sasa tumtazame chotara wa namna nyingine. Huyu ni nyumbu. Hatusemi nyumbu wa porini, yule wa Serengeti. Tunasema nyumbu wa kufugwa, mtoto wa punda dume na farasi jike. Wengine humwita baghala. Nyumbu huyu ana nguvu nyingi na anabeba mizigo mizito. Lakini ana upungufu mmoja: hazai. Kuna majike wachache sana duniani waliowahi kuzaa, na kila mara watu walishangaa. Ukitaka nyumbu wengine, sharti urudi tena kwa punda na farasi.

Basi hapa tuna chotara wawili. Mmoja anazaa, mwingine hazai. Tofauti yao iko wapi?

HESABU YA JOZI

Mwili wa mnyama umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli. Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili hujengwa kwa seli. Hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Ndani ya kila seli kuna vitu vyembamba kama nyuzi. Nyuzi hizo zinaitwa kromosomu. Hizo ndizo zinazobeba urithi. Zinasema mtoto atakuwa na rangi gani, meno ya namna gani, na mkia mrefu au mfupi.

Kromosomu huwa mbili mbili, kama viatu. Katika kila jozi, kimoja kimetoka kwa baba, cha pili kimetoka kwa mama. Binadamu tunazo 46, yaani jozi 23. Ng'ombe anazo 60, yaani jozi 30. Ng'ombe wa kienyeji anazo 60, na ng'ombe wa kisasa anazo 60 pia. Hesabu yao ni moja.

Mwili unapotengeneza mbegu ya uzazi, kila jozi hutengana. Kiatu kimoja kinakwenda huku, kingine kule. Kwa hiyo mbegu ya dume hubeba nusu, na yai la jike hubeba nusu. Nusu mbili zikikutana tumboni, hesabu inatimia tena. Lakini kabla ya kutengana, kila kiatu lazima kwanza kimpate mwenzake na kukaa naye pamoja. Hiyo ndiyo kanuni.

Sasa tumpigie nyumbu hesabu. Farasi anazo kromosomu 64, nusu yake ni 32. Punda anazo 62, nusu yake ni 31. Jumlisha 32 na 31. Unapata 63. Viatu 63 ni jozi 31, na kimoja kinabaki peke yake. Tena hata zile jozi nyingine hazilingani vizuri, maana mguu mmoja ni wa farasi na mwingine ni wa punda. Mwili wa nyumbu unashindwa kuzipanga. Ndiyo sababu hazai.

Hesabu ya kromosomu si sababu pekee inayotenga wanyama. Ziko nyingine. Lakini ukiifahamu hii, umeshika ufunguo.

FUKO VIPOFU

Nyumbu ni kazi ya mkono wa mtu. Sasa twende porini, mahali ambapo wanyama hukutana wenyewe. Mfano mmoja uliochunguzwa sana uko katika nchi ya Israeli na nyanda za juu za Golan zilizo jirani.

Huko kuna fuko kipofu. Wataalamu wanamweka katika jamii moja kubwa na fuko wanene wa nyanda za juu za Kenya, Ethiopia na kaskazini mwa Tanzania. Kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa fuko tunaowajua. Macho anayo, lakini ni madogo mno, tena yamefunikwa kabisa na ngozi. Haoni. Mkia wake hauonekani kwa nje. Meno ya mbele ndiyo jembe lake, na kichwa ndicho koleo lake la kusukumia udongo. Anakula mizizi, viazi na vitunguu, na wakulima wa huko wanamlalamikia kama sisi tunavyowalalamikia wa kwetu.

Fuko huyu anaishi peke yake. Kila mmoja ana njia zake chini ya ardhi, na hataki mgeni. Wawili wakikutana wanapigana vikali. Kupeana habari, wanagonga kichwa kwenye dari la shimo, na mtikisiko unapita ardhini mpaka kwa jirani. Hukutana kwa ajili ya uzazi tu, wakati wa mvua za kipupwe, udongo ukiwa laini.

Kwa sura fuko hawa wote ni sawa. Ukiwaweka kumi mezani, utasema ni wa aina moja. Hata wataalamu walidhani hivyo. Mwaka 1969 wataalamu Wahrman, Goitein na Nevo walitoa habari ya kushangaza. Walikuwa wamehesabu kromosomu za fuko kutoka sehemu mbalimbali. Kumbe hesabu haikuwa moja! Waliona makundi manne.

Katika milima ya Galilaya ya juu, fuko wana kromosomu 52.
Katika Golan, wako wenye 54.
Katika Galilaya ya chini na mlima Karmeli, wana 58.
Kutoka Samaria na Yudea kwenda kusini mpaka ukingo wa jangwa la Negev, wana 60.

Kaskazini kuna baridi na mvua nyingi zaidi. Kusini kuna joto na ukame. Kila kundi lina nchi yake na hali yake ya hewa. Mwaka 2001 Nevo na wenzake waliyapa makundi hayo majina manne, kama aina nne zilizo mbali mbali. Wataalamu wengine bado wanawaita wote kwa jina moja. Lakini kuhusu hesabu ya kromosomu hakuna ubishi.

MPAKANI KUNA NINI?

Hapa ndipo swali letu linapopata jibu. Kati ya kundi na kundi hakuna ukuta. Hakuna bahari. Nchi ya wenye 58 inagusana na nchi ya wenye 60. Je, wanapogusana wanafanya nini?

Wanazaa. Pale mpakani wataalamu walikuta chotara. Tupige hesabu pamoja. Nusu ya 58 ni 29. Nusu ya 60 ni 30. Jumla ni 59. Na kweli, fuko wenye kromosomu 59 walipatikana mpakani. Hakuna mtu aliyewapandisha. Walikutana wenyewe chini ya ardhi.

Basi mtu angetazamia nini? Angetazamia kwamba chotara wataongezeka mwaka hadi mwaka. Watasambaa kaskazini na kusini. Mwishowe makundi yote yatakuwa uji mmoja, huwezi kusema huu ni unga na haya ni maji.

Lakini haikuwa hivyo. Chotara wanapatikana katika mkanda mwembamba tu. Mahali pengine upana wa mkanda huo ni mita mia kadhaa. Hata mkanda ulio mpana kuliko mingine haufiki kilomita 3. Kilomita 3 ni mwendo wa kwenda kisimani na kurudi. Ukiuvuka mkanda huo ukaenda kaskazini, unakuta wenye 58 watupu. Ukienda kusini, unakuta wenye 60 watupu.

Kwa hiyo wanakutana, wanazaa, lakini hawawi kitu kimoja. Sababu ziko kadhaa.

Kwanza, tumekwisha sema habari za jozi. Chotara wa fuko si tasa kabisa kama nyumbu, lakini jozi zisizolingana ni mzigo katika uzazi. Jirani mwenye jozi kamili anamshinda.

Pili, majike wanachagua. Wataalamu waliwaweka fuko jike walio tayari kupandwa karibu na madume wa aina mbalimbali. Mara nyingi jike alimpendelea dume wa hesabu yake mwenyewe. Haoni, lakini anamtambua kwa harufu na kwa sauti.

Tatu, kila aina imezoea nchi yake. Mwili wa fuko wa kusini umezoea joto na uhaba wa chakula. Wa kaskazini hakuzoea hayo. Chotara yuko katikati. Hayuko nyumbani huku wala kule.

Nne, fuko si msafiri. Kutembea kwake ni kuchimba, na kuchimba ni kazi. Hawezi kwenda mbali kueneza damu yake.

Hapa tunataka kuonya jambo moja. Msomaji asichukue mfano huu akaufananisha na makabila au rangi za watu. Haufanani hata kidogo. Binadamu wote duniani ni aina moja. Mmakonde, Mchaga, Mwarabu, Mzungu, Mchina, sote kromosomu zetu ni 46. Watu wa makabila yote wakioana wanazaa, na watoto wao wanazaa. Atakayekuambia kwamba kuna kabila lisilofaa kuoana na jingine kwa sababu ya damu, hiyo si elimu.

TURUDI NYUMBANI: PANYA WA MOROGORO NA GAIRO

Sasa tumwache fuko kipofu, turudi kwetu Tanzania. Yuko panya wa mashambani anayechimba mashimo katika mashamba ya mahindi na pembeni mwake. Tunamjua kwa uzazi wake. Jike wake ana chuchu nyingi kuliko panya wengine, na anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Panya huyu yuko karibu kila mahali katika Afrika, kusini mwa Sahara. Wataalamu wanamhesabu kuwa aina moja. Lakini ndani ya aina hiyo kuna koo mbalimbali. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zinajulikana kwa kupima urithi ulio ndani ya seli.

Koo mbili za panya huyu zinakutana katika mkoa wa Morogoro. Ukoo mmoja uko upande wa mji wa Morogoro. Mwingine uko upande wa Gairo, njia ya kwenda Dodoma. Pale zinapokutana hakuna mto mkubwa wala mlima wa kuwazuia. Mashamba yanafuatana. Na wao, kama wale fuko, wanazaa pamoja. Chotara wapo.

Mpaka hapo hadithi ni ile ile. Lakini huku kuna jambo la ziada. Kila ukoo una kirusi chake, yaani kijidudu kidogo mno kinachoishi ndani ya mwili wa panya. Kile cha upande wa Morogoro kilitangazwa mwaka 2009, kikaitwa kirusi cha Morogoro. Kile cha upande wa Gairo kilitangazwa mwaka 2015, kikaitwa kirusi cha Gairo. Virusi hivi viwili havijulikani kumwuguza mtu. Msiwe na hofu kwa majina hayo.

Wataalamu walijiuliza swali la maana. Ikiwa panya wa koo mbili wanalala pamoja na kuzaa pamoja, je, virusi vyao navyo vinavuka? Waliwatega panya mpakani na pande zote mbili, wakawapima mmoja mmoja. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Virusi vyote viwili vilionekana katikati ya mpaka, mahali panya wanapochanganyika. Lakini havikwenda mbele zaidi. Kirusi cha Morogoro hakikuenea kwa panya wa Gairo, na kirusi cha Gairo hakikuenea kwa panya wa Morogoro. Kila kimoja kilibaki kwa wenyeji wake.

Nafasi ya kuvuka ilikuwepo. Chakula kilikuwepo. Panya walikuwepo. Kwa hiyo wataalamu waliona kwamba kizuizi kimo ndani ya miili ya panya wenyewe. Mpaka ule ambao jicho haliuoni, kirusi kinauona.

HOMA YA LASSA

Sasa tunafika kwenye jambo tulilolitaja mwanzo. Katika Afrika Magharibi kuna ugonjwa uitwao homa ya Lassa. Jina hilo limetokana na mji wa Lassa, nchini Naijeria, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1969. Unasumbua pia Siera Leone, Liberia na Gine. Huleta homa kali, na wagonjwa wengine hutokwa na damu na kufa. Mwenezaji wake mkuu ni panya yule yule wa mashambani mwenye chuchu nyingi. Mtu huupata kwa kugusa mkojo au mavi ya panya, au kula chakula kilichochafuliwa navyo.

Virusi vya Lassa ni jamaa wa virusi vya Morogoro na Gairo. Panya wa aina ile wako Afrika Magharibi, na wako hapa. Lakini panya wanaoeneza homa ya Lassa wako Afrika Magharibi tu. Kwa miaka mingi watu walijiuliza sababu.

Uchunguzi wa Morogoro umeonyesha njia ya jibu. Panya wa Afrika Magharibi ni wa ukoo mwingine. Kama kirusi cha Morogoro kinashindwa kuenea kwa panya wa Gairo, ambao ni majirani na wakwe zake, basi haishangazi kwamba kirusi cha Lassa nacho kimebaki kwa ukoo wake. Tazama basi faida ya kumjua mnyama kwa undani. Mtu aliyesema "panya ni panya tu" asingeweza kulijibu fumbo hili.

TUFANYE NINI?

Tukisikia redioni habari za homa ya Lassa, tusikimbilie kusema kwamba panya wetu wameleta ugonjwa huo. Tusitishane bure.

Lakini tusijibweteke. Panya wana magonjwa mengine. Wenzetu wa Lushoto walipata tauni kuanzia mwaka 1980, na tauni huenezwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo:

1. Tufunike chakula na maji ya kunywa.
2. Nafaka tuiweke ghalani au kwenye vyombo visivyopenyeka.
3. Tufyeke majani karibu na nyumba na pembeni mwa shamba.
4. Panya aliyekufa tusimshike kwa mikono mitupu. Tumfukie, kisha tunawe kwa sabuni.
5. Tukiona panya wengi wamekufa ghafla, tutoe taarifa kwenye kituo cha afya mara moja.

Na wakija wataalamu kutega panya au fuko katika kijiji chetu, tusiwacheke kwamba wamekosa kazi. Huenda wanatafuta mpaka ambao sisi tunaulima kila siku bila kuujua.

MANENO MAGUMU

Chotara: mtoto wa wazazi wa aina au mbegu mbili tofauti.
Seli: sehemu ndogo sana inayojenga mwili.
Kromosomu: vitu vyembamba ndani ya seli vinavyobeba urithi.
Kirusi (wingi: virusi): kijidudu kidogo mno kinachoishi ndani ya mwili wa kiumbe kingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ng'ombe chotara anazaa na nyumbu wa kufugwa hazai?
2. Fuko mwenye kromosomu 52 akizaa na mwenye 58, mtoto atakuwa na kromosomu ngapi? Pigeni hesabu ubaoni.
3. Ni sababu gani zinazowafanya chotara wa fuko wabaki katika mkanda mwembamba?
4. Katika kijiji chenu kuna fuko na panya wa namna ngapi? Waulizeni wazee majina yao kwa lugha ya nyumbani, mwandike orodha.